Sauti Inapozidiwa: Analogi, Dijitali na Gitaa la Benga

Mjadala wa analogi na dijitali, jinsi unavyoendeshwa na wanamuziki wa Kisumu, huanzia mahali pasipofaa. Wazee waliorekodi enzi za santuri husema kwamba kompyuta imeiondolea benga, muziki wetu wa magitaa wa Waluo, joto lake, na vijana wenye studio za chumba kimoja katika mitaa ya Kondele na Nyalenda huwajibu kwamba wanachokitamani ni ujana wao, si kanda. Mimi nimekaa kati ya makundi haya mawili kwa muda mrefu, kwa kuwa napiga gitaa la solo, narekodi wenzangu, na siku zisizo na kazi ya muziki nachomelea waya za amplifaya za watu. Msimamo wangu ni kwamba sauti ikiwa ndani ya mipaka yake, dijitali ni mwaminifu kuliko kanda au santuri yoyote, na anayebisha apime. Tofauti tunayoisikia, ambayo ni ya kweli wala si njozi za wazee, hutokea pale sauti inapozidiwa. Na muziki wa upande huu wa nchi, kuanzia baa hadi matangani, hupigwa karibu kila mara ukiwa umezidiwa.

Niondoe kwanza lile linaloweza kumalizwa haraka. Wengi wameonyeshwa picha ya wimbi laini la analogi likiwa juu, na wimbi la dijitali lenye ngazi-ngazi likiwa chini yake, wakaambiwa kwamba ngazi hizo ndizo zinazokwaruza masikio. Picha hiyo inapotosha. Harry Nyquist aliweka msingi wa hesabu hizi mwaka 1928, na Claude Shannon akazikamilisha katika maandishi yake ya mwaka 1949: wimbi lisilo na masafa (idadi ya mitetemo kwa sekunde) yanayozidi nusu ya kasi ya kuchukua sampuli, yaani vipimo vya wimbi, linaweza kurudishwa zima, likiwa laini kama lilivyokuwa. Sidii zilizoanza kuuzwa mwaka 1982 huchukua sampuli 44,100 kila sekunde, ilhali sikio zima la kijana halisikii zaidi ya hezi 20,000 hivi. Ngazi zile hazitoki nje ya mashine. Chujio lililo mwishoni mwa mkondo huacha wimbi lenyewe tu. Kuhusu uvumi, yaani ile kelele ya chini inayosikika nyuma ya muziki, biti 16 (urefu wa nambari inayotunza kila sampuli) hutoa nafasi ya desibeli 96 kati ya ukimya na sauti kubwa kabisa, wakati kaseti ya kawaida, ile iliyoletwa na Philips mwaka 1963 na inayotembea kwa sentimita 4.76 tu kwa sekunde, huambulia desibeli 50 hivi. Hata kanda kubwa ya studio inayokimbia sentimita 38 kwa sekunde haifikii sidii kwa kipimo hicho.

Kwa hiyo kama swali ni nani anayenakili vizuri zaidi, limejibiwa zamani. Lakini mzee aliyeketi mbele ya spika zangu akasema, “Fundi, hiyo besi imesikika yote, lakini haina nyama,” hakuwa akiuliza habari za kunakili. “Jaduong’,” nilimwambia, “nyama unayoitafuta iliongezwa na mashine.” Hakupenda jibu hilo. Naamini hata hivyo kwamba ndilo jibu lenyewe, na linahitaji kuelezwa polepole.

Kanda ya sumaku ni utepe mwembamba wa plastiki uliopakwa chembe za oksidi ya chuma. Sauti inapoongezeka, chembe nyingi zaidi hugeukia upande wa sumaku inayozielekeza, mpaka zinapokaribia kwisha. Hapo kila nyongeza ya sauti hupata nafasi ndogo kuliko ile iliyotangulia. Ni kama makanga wa matatu za zamani za kwenda Ahero, ambaye hakuwahi kukiri kwamba gari limejaa: alisema songeni kidogo, watu wakasonga, na abiria wa mwisho akaingia nusu, mguu mmoja nje. Kilele cha wimbi hakikatwi, bali hubonyea. Katika kubonyea huko huzaliwa sauti mpya ambazo hazikupigwa na mtu, na iliyo kubwa kati yake ni ile yenye masafa mara tatu ya noti ya asili. Ukipiga besi ya hezi 110, kanda iliyojazwa hukuongezea 330, ambayo kimuziki huitwa tano safi, iliyopanda okteva moja, tena sauti ambayo hata spika ndogo ya redio inaweza kuitoa vizuri. Hiyo ndiyo nyama ya mzee. Besi yake ilisikika nene kwenye redio ya betri kwa sababu kanda iliipandisha hadi mahali ambapo redio ingeweza kuifikia.

Dijitali haina huruma ya namna hiyo. Ina nambari ya juu kabisa, na baada ya nambari hiyo hakuna nyingine. Biti 16 hutoa viwango 65,536. Wimbi likifika kwenye kiwango cha mwisho, kilichozidi hutupwa, na kilele kinabaki bapa kama kilichopigwa randa. Sauti zinazozaliwa na mkato huo ni nyingi, hupanda juu sana, nazo huja kwa ghafla: hadi hapo palikuwa safi kabisa, na hatua moja mbele sauti inapasuka.

Mfano ninaoupenda ni wa nyatiti, ala ya nyuzi ya Waluo, kwa sababu unaonyesha kosa ambalo macho hayalioni. Mpigaji huvaa pete ya chuma, oduong’o, kwenye kidole gumba cha mguu, na huigonga kwenye mwili wa ala huku vidole vya mikono vikicheza nyuzi nane. Mlio wa pete hiyo hupanda na kushuka ndani ya muda mfupi mno. Mashine za kanda zilikuwa na mshale wa kipimo cha VU, kinachoonyesha wastani wa ukubwa wa sauti, ambao kwa kanuni yake huchukua kama milisekunde 300 kufikia mahali pake. Pete inagonga na kunyamaza kabla mshale haujaamka. Mhandisi wa zamani aliuona mshale umetulia, akaridhika, wala hakujua kwamba kila pigo la pete lilikuwa likivuka mpaka na kubonyezwa na kanda kwa upole. Kilichotoka kilikuwa pete iliyo karibu na nyuzi, iliyokaa ndani ya wimbo. Ukirekodi nyatiti hiyohiyo kwa kompyuta na ukataka mwanga wa kipimo ukae juu vile ulivyozoea kuuona mshale, kila pigo la pete litakatwa kichwa. Ukipunguza ili pete ipone, nyuzi zitasikika ndogo na pete itasimama mbele yake kama mgeni asiyejua kunong’ona. Kila kitu ni sahihi, na wimbo haukai.

Dawa yake si kununua mashine ya kanda, ambayo hapa mjini hutapata wa kuitengeneza wala kanda mpya ya kuilisha. Dawa ni kukubali kwamba kazi iliyofanywa na kanda bila kuombwa sasa inapaswa kufanywa na mtu kwa makusudi. Narekodi kwa biti 24, naacha wastani wa sauti ukae karibu na desibeli 18 chini ya mwisho, na vilele vikipanda vinapata nafasi. Baadaye nabonyeza vile vilele vya pete kwa programu inayoiga kanda, au kwa kikandamiza sauti, kidogo kidogo hadi nyuzi zijitokeze. Vijana wengi hurekodi wakiwa wamepandisha sauti hadi kwenye taa nyekundu, kwa imani kwamba sauti kubwa ni sauti bora. Desturi hiyo ilikuwa na maana kwenye kanda, ambapo uvumi wa chini ulikuwa adui wa kweli na ilibidi kuukimbia kwa kupandisha sauti. Kwenye biti 24 adui huyo hayupo tena, lakini bado watu wanamkimbia.

Santuri nazo zilikuwa na mipaka yake, na mipaka hiyo iliichonga benga kuliko tunavyokubali. Nyimbo nyingi za bendi za benga kama Shirati Jazz ya D.O. Misiani na Victoria Jazz zilitoka kwenye santuri ndogo za mizunguko 45, wimbo mmoja umegawanywa sehemu ya kwanza upande huu na sehemu ya pili upande wa nyuma. Sababu ilikuwa nafasi. Besi kubwa huhitaji mfereji unaoyumba kwa upana, na mfereji mpana hula uso wa santuri. Hivyo mkataji alichagua kati ya wimbo mrefu, sauti kubwa na besi nzito, akijua kwamba hawezi kupata zote tatu. Kwa kanuni iliyokubaliwa na makampuni ya santuri ya Marekani mwaka 1954, besi hupunguzwa na sauti za juu kuongezwa wakati wa kukata, kisha amplifaya ya gramafoni huvirudisha vyote mahali pake. Bado pakabaki mapatano. Bendi zilizopiga wimbo wote kwa pamoja, katika chumba kimoja, huku ngoma ikivuja kwenye kipaza sauti cha mwimbaji na gitaa likivuja kwenye cha ngoma, zilitoa kitu ambacho nikiulizwa nitasema kilichangia zaidi ya nusu ya hilo joto, nacho hakina uhusiano wowote na analogi. Kompyuta haimkatazi mtu kurekodi bendi nzima kwa pamoja. Kinachokatazwa na mifuko yetu ni chumba chenye ukubwa wa kutosha.

Nikija kwenye amplifaya, hapo ndipo mjadala wetu huchanganyikiwa kabisa, kwa sababu mstari hauchorwi kati ya analogi na dijitali. Transista, iliyobuniwa katika maabara za Bell mwaka 1947, ni kifaa cha analogi kwa kila hali. Lakini amplifaya ya transista iliyosanifiwa kwa kawaida hubaki safi hadi dakika ya mwisho, kisha hukata vilele kwa ghafla, karibu sawasawa na dijitali. Valvu za kioo, ambazo ni kongwe zaidi, huanza kubonyeza mapema na hubonyeza polepole. Tena kwenye nyingi za amplifaya hizo, ukipiga kwa nguvu umeme wa ndani hushuka kidogo kisha hupanda, na noti huonekana kama inavuta pumzi baada ya pigo. Mtu anayesema anapenda analogi mara nyingi anapenda valvu, na mtu anayeilaani dijitali mara nyingi ameumizwa na transista ya bei nafuu.

Lakini gitaa la solo la benga halitaki kuungurumishwa kama la roki. Linataka kuwa safi, lenye makali ya juu, likimfuata mwimbaji hatua kwa hatua na kumjibu anaponyamaza. Ndiyo maana amplifaya ya transista kama Roland JC-120, iliyotoka mwaka 1975 ikiwa na spika mbili za inchi 12, inaifaa kazi yetu vizuri, na sioni haya kusema hivyo mbele ya waumini wa valvu. Kinachotakiwa ni nafasi ya kutosha juu ya pigo lako zito zaidi. Sehemu ya mwisho ya wimbo, pale mwimbaji anapokaa kando na magitaa yanapokimbizana, mkono huongeza nguvu bila mwenyewe kujua. Kwenye valvu ongezeko hilo huwa miiba midogo inayopendeza, na kwenye transista iliyofika mwisho huwa kokoto. Ukiwa na wati za ziada huhitaji kuchagua.

Vifaa vya kidijitali vinavyoiga amplifaya, ambavyo vilienea baada ya kifaa cha POD cha kampuni ya Line 6 mwaka 1998, sasa vinafika hapa vikiwa vimetumika, na vijana huvichomeka moja kwa moja kwenye mitambo ya baa. Nimesimama Kondele nikisikia gitaa linalolia kama nyuki kwenye debe, na wenye baa wakiilaumu dijitali. Nilipoangalia kile kifaa nikakuta kiigizo cha spika kimezimwa. Spika ya gitaa huanza kuchoka mapema, hezi 5,000 hivi, na uchovu huo ni sehemu ya sauti tunayoijua. Mitambo ya baa ina spika za pembe zinazotoa hadi karibu hezi 20,000, na kila kilichopaswa kufichwa hutolewa hadharani. Kubonyeza kitufe kimoja kulitosha.

Kuna kasoro nyingine ambayo ni ya dijitali kweli, nami siitetei. Ukitengeneza mkwaruzo, yaani ukiizidisha sauti kwa makusudi, ndani ya kompyuta inayochukua sampuli 44,100, sauti zinazozaliwa zikipita 22,050 hazipotei, bali hukunjika na kurudi chini. Iliyopaswa kuwa hezi 30,000, ambayo hakuna sikio lingeisikia, hurudi kama 14,100, na haina undugu wowote na noti uliyopiga. Ukipandisha noti, hiyo iliyokunjika inashuka. Sikio halijui kilichotokea, lakini linakasirika. Vifaa vizuri huzuia hilo kwa kufanya hesabu kwenye kasi kubwa mara kadhaa, kisha kurudi. Vya bei nafuu na vya zamani havikujali. Hapo wazee wako sahihi. Pale wanapolalamika kwamba dijitali inachelewa kujibu, sikubaliani nao sana: sampuli 256 ni karibu milisekunde sita, muda ambao sauti hutumia kusafiri mita mbili hewani, na hakuna mpiga gitaa wa benga niliyewahi kumwona akilalamika kwa kusimama mita nne kutoka kwenye spika yake.

Nirudi kwenye nyatiti, kwa sababu ndiyo inayotesa zaidi ikipelekwa jukwaani. Kipaza sauti cha kawaida huokota ngoma zote za jirani na huanza kupiga mbinja, kwa hiyo wapigaji hubandika chini ya daraja la nyuzi kile kipande chembamba cha piezo, kinachogeuza mtetemo kuwa umeme, kisha waya unaenda kwenye mikseri. Kinachotoka ni sauti ya puani, kavu, isiyo na tumbo la ngozi ya ng’ombe. Mikseri ikiwa ya kidijitali, lawama zinajulikana zitakapoenda. Ukweli ni kwamba piezo haiwezi kulisha mlango wenye ukinzani mdogo: ikichomekwa kwenye mlango wa omu (kipimo cha ukinzani) elfu kumi hivi, kipande na mlango kwa pamoja huwa chujio linalozuia besi, na besi hiyo hupotea kabla haijafika kwenye biti yoyote. Inahitaji mlango wa megaomu moja au zaidi. Fundi mmoja wa karibu na soko la Kibuye hunitengenezea visanduku vya kazi hiyo: transista moja, vikinza vitatu, kapasita mbili na betri ya volti tisa, vyote ndani ya mkebe wa bati ili bati lizuie uvumi wa stima. Ukikichomeka katikati, nyuzi nene za nyatiti hurudi, pete ya mguuni hupata mwili, na mikseri ileile iliyotukanwa hupitisha kila kitu bila kuongeza wala kupunguza.

Matangani hali huwa nyingine, kwa sababu kinachozidiwa huko ni umeme wenyewe. Jenereta ndogo huwekwa nyuma ya nyumba, waya mrefu na mwembamba unaletwa hadi hemani, na kila besi inapogonga taa hufifia. Volti ikishuka, amplifaya hupoteza sehemu ya nafasi yake ya juu papo hapo, na wimbi lililokuwa salama hukatwa. Maandishi ya maelfu ya wati yaliyobandikwa kwenye masanduku ya spika hayasaidii chochote, maana amplifaya haiwezi kutoa nguvu ambayo jenereta haina. Wimbi lililokatwa hubeba sauti za juu nyingi kuliko wimbi la asili, na mzigo huo huangukia twita, ile spika ndogo ya sauti za juu, ndiyo sababu twita huungua kwanza usiku wa saa nane. Hapo naitetea analogi kwa moyo mmoja: mikseri ya zamani ikipungukiwa na stima hunung’unika kisha huendelea, lakini ya kidijitali hujizima na kujiwasha upya, na waombolezaji husubiri wakiitazama skrini. Kifaa cha kusawazisha volti kwa ajili ya mikseri hugharimu kidogo kuliko aibu hiyo.

Kuhusu kuhifadhi, sina mengi. Mwaka 1950 Hugh Tracey, mtafiti wa muziki wa Afrika, alirekodi wasichana wa Kipsigis huko Kapkatet wakiimba wimbo wa Chemirocha, na nakala za kidijitali za rekodi hizo ndizo zilizorudishwa kwa jamii miaka mingi baadaye. Kila kunakili kaseti kwenda kaseti kuliongeza uvumi. Faili hunakiliwa bila kupoteza chochote, ingawa simu ikiibiwa faili nayo imekwenda.

Lakini faili nyingi zinazosambaa mjini si nakala kamili. Ni MP3 zilizobanwa kutoka kilobiti 1,411 za sidii hadi 128 kwa sekunde, kisha zikabanwa tena na tena kila zilipobadilishwa umbo njiani, hadi matoazi ya ngoma yanasikika kama maji yanayochemka. Kubana huko pia kuna ukingo wake: wimbo uliokandamizwa hadi kwenye nambari ya mwisho, ukigeuzwa MP3, vilele vyake huvuka mpaka wakati wa kufunguliwa na hukatwa ndani ya simu ya msikilizaji. Kwa hiyo naacha desibeli moja au moja na nusu juu. Wenye bendi huniuliza kwa nini wimbo wao ni mdogo kuliko wa jirani, nami huwaeleza kwamba YouTube na Spotify hushusha nyimbo zilizopigwa kelele hadi zilingane na nyingine, hivyo wanachopata kwa kukandamiza ni wimbo uliochoka kwa sauti ileile. Wengine hukubali. Kwa wasiokubali hutoa nakala mbili, moja ya mtandaoni na moja iliyojazwa kidogo kwa ajili ya klabu, ingawa hiyo ya pili naijaza chini ya wanavyotaka, kwa sababu DJ wa Kondele ataifikisha kwenye nyekundu mwenyewe.